Chungu chenye Matundu

Juzi mjukuu wangu alikuja kutoka Tukuyu, akaniletea bahasha ndogo ya kaki iliyokunjwa mara mbili. Aliitikisa karibu na sikio langu kwa sababu anajua macho yangu siku hizi ni ya kubahatisha. "Sikia, Bibi," alisema. Nilisikia mchakacho mdogo sana wa kitu kilicho laini kuliko mchanga, kikiteleza kutoka pembe moja ya karatasi hadi nyingine. Nilimwambia aiweke mezani, nikaingia ndani nikakaa kitandani, na chai aliyonipikia ikapoa bila mimi kuigusa.

Mimi si mtu wa kulia ovyo. Nimezika mume, nimezika watoto wawili, na watu wa hapa wanasema nina moyo wa jiwe la kusagia. Lakini sauti ile naijua. Ni sauti ya mbegu za ua moja la Kizungu, na mara ya mwisho kuisikia nilikuwa msichana ambaye meno yake ya mbele ndiyo kwanza yalikuwa yamemaliza kuota. Kisa chake sijawahi kumweleza mtu, hata marehemu mume wangu. Nawaeleza ninyi kwa sababu hamnijui, na mtu asiyekujua hakutazami usoni wakati unasema.

Nilizaliwa upande wa Ipinda, siku za Wajerumani. Mwaka siujui, hakuna aliyeuandika. Jina langu ni Subilaga, maana yake endelea kutumaini, na walionipa hawakuwa na nia mbaya. Baba alikuwa mtu wa pale pale, mtoto wa watu wa migomba na ng'ombe. Mama alitoka Ikombe, kwa Wakisi, kijiji kilichobanwa kati ya mlima na ziwa, ambacho unakifikia kwa mtumbwi kutoka Lyulilo. Huko wanaume huvua na wanawake hufinyanga. Baba alimwona gulioni Lyulilo amekaa nyuma ya vyungu vyake, akanunua chungu asichokihitaji. Gulio lililofuata akanunua kingine, na kingine tena, mpaka bibi yangu mzaa mama akamwuliza kama kwao watu wanakula vyungu.

Mgeni ni kuku mweupe, na mama yangu alikuwa mweupe hasa. Alisema Kinyakyusa kwa lafudhi ya ziwani, na wanawake wa kijiji walikuwa wakimwigiza kisimani. Udongo wa kwetu aliudharau. Kaka yake alimletea wa kwao kwa mtumbwi, kisha wabebaji wakaufikisha nyumbani umefungwa kwa majani ya migomba, na watu wakajiuliza kuna nini katika udongo huo hata mtu ausafirishe hivyo. Zaidi ya yote, alikuwa amezika watoto wawili baada yangu, mmoja nyuma ya mwingine. Ndipo akazaliwa mdogo wangu wa kiume, akaitwa Ambokile, yaani amenikomboa. Mama alimbeba mgongoni mpaka akawa mzito kama gunia la mpunga, na bado hakumtua.

Kuna mambo mawili ya kwetu inabidi niwaambie, maana bila hayo hamtaelewa.

La kwanza, mke hamwoni baba mkwe wake. Hamtazami, halitamki jina lake, hapiti njia anayopita. Babu yangu mzaa baba aliishi katika kijiji cha wazee, ng'ambo ya kijito, na kila alipokuja kwetu alikohoa mara mbili kwa mbali. Mama aliacha chochote alichokuwa akifanya, akajifunika kichwa, akaingia migombani. Siku moja alikimbia na mikono imejaa udongo, akaacha chungu nusu kikiwa kimeinama, kikaanguka taratibu mbele ya macho ya babu, naye babu akageuza uso kwa adabu kana kwamba chungu nacho ni mkwewe. Kwa kuwa hawakuweza kusemezana, msemaji wao nilikuwa mimi. Babu alinituma nami nikaenda hatua kumi nyuma ya migomba, nikarudia neno kwa neno jambo ambalo mama alikwisha kulisikia, nikarudi na jibu ambalo babu naye alikwisha kulisikia. Nilijiona mtu mkubwa sana.

La pili, mtoto hana chake. Mzee akikuuliza kuku huyu ni wa nani, husemi wangu, hata kama umepewa wewe na umemlea wewe. Unasema wa baba, au wa juba, yaani wa mama. Nilipokuwa mdogo zaidi, mgeni aliuliza boga lililokuwa limetambaa juu ya paa ni la nani. Nilikuwa nimelimwagilia mwenyewe, nikajibu, "Langu." Mama alinifinya chini ya kwapa mahali ambapo mgeni hakuona, na boga lilipopikwa mimi nilipewa maji ya kunawa tu. "Mtoto wa watu wengine akikosa adabu, watasema ni mtoto," aliniambia. "Wewe ukikosa, watasema ni mama yake, yule wa ziwani." Sikusahau tena.

Sasa maua. Misheni ilikuwa mwendo wa asubuhi moja kutoka kwetu, na bibi wa misheni, mke wa mchungaji, alifundisha wasichana kushona na kusoma. Alikuwa mwembamba, mwenye sauti ya mafua wakati wote. Kinyakyusa alikisema kwa nguvu, akikanyaga kila neno kama anayeua siafu. Alimzika mtoto wake pale misheni, na juu ya kaburi alikuwa amepanda maua tusiyoyajua, ya njano, meupe, na mekundu ya kuiva. Alisema kwao yanaitwa mdomo wa simba. Ukilibana ua pande mbili kwa vidole, linafungua kinywa, ukiliachia, linafumba. Sisi wasichana tulipenda kuyabana kuliko kushona, na yeye hakutukataza.

Alinipa mbegu kwa sababu nilimwomba. Kilikuwa kitu kama vumbi jeusi, amekifunga katika kipande cha kitambaa. Nilikwenda nacho nimeshika pumzi njia nzima, nikiogopa nikipiga chafya nitapoteza shamba.

Nilipofika nyumbani nilifanya kama binti wa mkulima. Mbegu ndogo niliyoijua mimi ilikuwa ulezi, na ulezi kwetu una kanuni zake: unachoma majani, unachanganya majivu na udongo, unamwaga mbegu, unaifukia. Nikachoma, nikachanganya, nikamwaga, nikafukia vizuri, na kwa usalama zaidi nikakanyagia kwa mguu. Baada ya wiki mbili ukachomoza mche mmoja wenye afya, nikaulinda na kuku na mbuzi, nikaumwagilia asubuhi na jioni, nikauimbia. Mama alipita siku moja akaniuliza kwa nini ninatunza gugu.

Bibi wa misheni alicheka mpaka akatoa leso. Aliponyamaza alinipa mbegu nyingine, chache kuliko za kwanza, akaniambia nisizifunike hata kidogo. Zinataka kuona jua ndipo ziamke. Mama nilipomweleza alitikisa kichwa. "Mbegu isiyofunikwa ni chakula cha ndege," alisema, "na mvua ya hapa itazipeleka ziwani kabla hazijaamka." Kisha akaosha mikono na kufungua furushi la udongo wa kwao.

Alinifinyangia chungu kipana, kifupi, chenye ukingo mdogo kama wa sinia, na kabla hakijakauka akatoboa kitako chake kwa kijiti, matundu saba. Alicheka peke yake. "Mama yangu akiniona natoboa chungu kwa makusudi, atasema Wanyakyusa wamenivuruga akili." Alikichoma pamoja na vingine, lakini hakukisugua kikang'aa, alikiacha kinywe maji. Tulikijaza udongo uliochekechwa, nikanyunyiza mbegu juu bila kuzifunika, na mama akakiweka ndani ya beseni la maji upenuni, maji yapande kutoka chini bila kuzigusa mbegu. Siku ya kumi na mbili udongo ulikuwa na ukungu wa kijani. Nilimwita mama, akaja na Ambokile mgongoni, tukainama wote watatu juu ya chungu, na sikumbuki kama nimewahi kuwa na furaha kama ile.

Wakati huo baba hakuwepo. Vita vya Wazungu vilikuwa vimeanza, ng'ambo ya Songwe walikuwa Waingereza, na askari wa boma walipita vijijini wakikusanya wanaume wa kubeba mizigo. Baba aliondoka na wenzake wamefungwa kamba kiunoni, asubuhi, mama akiwa amesimama uani na chakula alichokuwa amemfungia mkononi. Hakuna aliyetuambia amepelekwa wapi. Nadhani mama aliniacha nicheze na maua yangu kwa sababu yalimpa kitu cha kutazama.

Mvua kubwa zilipopungua tuliyapandikiza nyuma ya jiko, kando ya migomba. Joto la kwetu si rafiki wa ua lile. Mengi yaliungua, mengine yaliliwa na sisimizi, yakabaki tisa. Yale tisa yalichanua wakati wa baridi ya ziwani. Ambokile alikuwa anajifunza kutembea, na kila asubuhi alinivuta kidole mpaka pale. Nilimbania ua likafungua kinywa, naye akafungua chake. Kuna nyuki mkubwa mweusi aliyekuwa akija, akijisukuma ndani ya ua mpaka linamfumbia mgongoni, tukasikia akinguruma humo ndani, halafu anatoka kinyumenyume amepakaa unga. Ambokile alicheka hadi akaketi chini. Mama alikuwa akisema, akitusikiliza kutoka jikoni, kwamba hata yule mzungu siku moja alifanya jambo la maana.

Maua yakaisha. Mashina yakakauka, yakabaki yamesimama kama vijiti, na mama akaniambia niyang'oe. Hapo ndipo ningetamani maisha yangu yaanze upya. Nilimwomba asiyaguse. Bibi wa misheni alikuwa ameniambia niyaache yakauke kabisa, mpaka vifuko vya mbegu vipasuke vyenyewe, ndipo nivune na kumrudishia kidogo. "Bado, juba," nilimwambia. "Mbegu hazijakomaa." Mara tatu alisema ng'oa, na mara tatu nilimwomba. Akaniachia.

Aliyewahi kulima ua hili anajua ninachotaka kusema. Kifuko chake kikikauka kinakuwa cha rangi ya mfupa, kinatoboka matundu matatu juu, mawili pamoja na moja chini yake. Macho mawili na mdomo ulioachama. Ni fuvu la mtu, dogo kama punje ya njugu, na kila shina lina mafuvu ishirini au zaidi, yamepangana toka chini hadi juu. Mimi niliyaona kabla ya mtu yeyote. Niliona vizee vinavyocheka. Nilimwonyesha Ambokile, nikamtikisia yakachakacha, naye akanyoosha mkono ayachukue.

Joto lilipopanda, kabla ya mvua, Ambokile alipata homa. Mama alimpaka dawa, akamwogesha kwa maji ya majani, siku ya tatu akambeba kwenda misheni, akapewa unga mchungu wa kumlambisha. Siku ya sita, mchana, alifariki mikononi mwa mama. Niliona mama akiendelea kumpepea muda mrefu baada ya hapo, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kumshika mkono.

Watu walikuja, kama desturi. Wanawake walijaa nyumbani, wanaume uani, na siku ya pili ya matanga mke wa jirani alikwenda nyuma ya jiko kukata majani ya migomba ya kukalia. Hakurudi na majani. Alirudi polepole, akamshika mwenzake bega, wakaenda wawili. Kisha wakaenda wanne. Nikasikia kilio ndani ya nyumba kikipungua, sauti moja baada ya nyingine, hadi ikabaki ya mama peke yake.

Walichokisema nilikijua jioni ile ile, maana mtoto hakuna anayemfichia. Walisema mwanamke wa ziwani amepanda vichwa vya watu. Walikuwa wamevihesabu, wakataja waliokufa kijijini mwaka ule, na kila mmoja alimpata wa kwake. Walisema ua lile wamewahi kuliona mahali pamoja tu, juu ya kaburi la mtoto wa Mzungu. Chungu chenye matundu kilitolewa upenuni kikawekwa katikati ya uwanja, na mwanamke mmoja akauliza ni nani mwenye akili timamu anayetoboa chungu kipya, kama si kwa kunyonya kitu. Hakuna aliyekaa karibu nacho.

Siku ya tatu babu alikuja. Alikohoa mara mbili pale kwenye kijito. Mama alikuwa ameketi mlangoni na kichwa kimenyolewa. Akainuka, akajifunika kaniki usoni, akaingia migombani kama siku zote. Babu alikaa juu ya kigoda. Alikuwa mzee mpole, aliyekuwa akiniwekea mapaja ya kuku. Mbele yake waliweka shina moja lililong'olewa, na chungu.

"Subilaga, mwana gwangu, njoo," aliita.

Nilipiga magoti mbele yake na kumsalimu. Alinyoosha fimbo akagusa lile shina, mbegu zikachakacha.

"Nijibu bila kuogopa. Hivi ni vya nani?"

Jamani, nataka mnielewe. Sikuwa nimetishwa, wala sikukusudia kudanganya. Nilikuwa mtoto aliyelelewa. Nilikuwa mbele ya mzee, mbele ya kijiji, mama yangu akinisikiliza kutoka migombani, na nilitaka asione haya kwa ajili yangu. Niliinamisha kichwa kama nilivyofundishwa.

"Vya juba," nilijibu.

Nyuma ya migomba jani kavu lilikanyagwa mara moja. Mtu mmoja alivuta pumzi, na babu akafumba macho.

Alipoyafumbua alisema na wanaume, si na mimi. Alisema zamani jambo hili lingekwisha kwa siku moja. Mwanamke angepewa mwavi, dawa ya kiapo, angekunywa, na kama hana uchawi tumboni angetapika mbele ya watu wote, akarudi jikoni kwake akipigiwa vigelegele, na waliomsingizia wangemlipa. Lakini Mjerumani amekataza mwavi, na anayenywesha anafungwa boma. "Amekataza dawa," alisema babu, "lakini ugonjwa ametuachia." Sasa hakuna wa kumtakasa, na watu hawawezi kulala. Kisha akanigeukia.

"Nenda umwambie mama yako arudi kwao akapumzike, mpaka mume wake atakapokuja."

Niliinuka. Zilikuwa hatua kumi, zile zile za siku zote. Mama alikuwa amechuchumaa kati ya mashina mawili ya migomba, kaniki ameishusha mabegani, na uso wake ulikuwa mkavu. Nilimwambia: "Babu anasema urudi kwenu ukapumzike, mpaka baba atakapokuja." Aliniacha nimalize, ingawa alikuwa amesikia kila neno.

"Mwambie babu yako, ndaga fijo," alisema. Yaani asante sana.

Hapo ndipo nilipoelewa kidogo nilichofanya. Nilimwambia nitarudi niseme kwamba niliyepanda ni mimi. Alinishika mkono kwa nguvu, mikono yake ya udongo ilikuwa migumu.

"Umejibu vizuri," aliniambia kwa sauti ya chini. "Mtoto hasemi yangu. Na mtoto habadilishi neno alilokwisha kumwambia mzee. Umenisikia? Usiongeze hata moja."

Nilirudi kwa babu nikasema ndaga fijo. Wazee waliitikia kwa kichwa.

Aliondoka asubuhi iliyofuata, na kaniki yake na kisu cha kufinyangia. Mimi nilikuwa wa ukoo wa baba, sikuruhusiwa kumfuata. Alipofika kwenye kijito aligeuka, akanipungia mkono kama anayekwenda gulio. Mchana watu walichoma mashina yote tisa, wakakivunja chungu kwa mchi, na vigae vyake wakavitupa mtoni. Siku za kwanza nilingoja mtu anilaumu. Hakuna aliyenilaumu. Mke wa jirani alinisifu kwa mashangazi zangu, kwamba mtoto yule alisema kweli mbele ya watu.

Misheni sikurudi tena. Baadaye tulisikia Waingereza wameingia, wakamwondoa yule bibi pamoja na mumewe, na kaburi la mtoto wao likaota majani. Baba alirudi msimu mmoja baadaye, amekonda, bega moja limeshuka, akakuta nyumba ina mimi na shangazi. Alipoelezwa, alichukua fimbo akaenda Lyulilo. Mitumbwi ilikuwa imechukuliwa na askari, na gulio limekufa, akakaa ufukweni siku nane akitazama milima ya Ikombe, akarudi. Mwezi mwingine alikwenda tena, akapata wa kumvusha. Alirudi amenyoa kichwa, nami sikuhitaji kuuliza. Homa, au njaa ya vita, kila aliyeniambia alisema lake.

Mimi nilikwenda Ikombe nikiwa mtu mzima, nina mtoto mgongoni. Mama yangu mdogo, mdogo wake mama, alikuwa hai, kipofu wa jicho moja, bado anafinyanga. Alinipokea kwa machozi, akanilisha samaki, kisha akaniongoza hadi nyuma ya nyumba, penye banda la kuni. Pale, juu ya uchaga, vilipangwa vyungu vipana, vifupi, vyenye ukingo mdogo, na vumbi la miaka. Nilihesabu kumi na moja. Nikageuza kimoja. Kilikuwa na matundu saba kitakoni.

"Tangu aliporudi hakufinyanga kingine," mama mdogo alisema. "Tulimwambia, nani atanunua chungu kinachovuja? Akajibu kuna mtu atavihitaji njia ikifunguliwa. Tukadhani msiba umemharibu. Hata kimoja hakikununuliwa, na kuvitupa nimeshindwa. Vilikuwa vya nani, mwanangu? Wewe unajua?"

Nilikuwa nimepiga magoti. Alikuwa mzee kuliko mimi, dada wa mama yangu, na nilitakiwa kujibu kwa adabu.

"Vyangu," nilisema. "Mama mdogo, vilikuwa vyangu."

Alinipapasa kichwani, hakujua nasema nini.

Nikiwa mtoto niliamini mama alinyamaza migombani kwa sababu mkwe hasemi mbele ya mkwe. Nilipolea watoto wangu nilijua si hivyo tu. Sauti alikuwa nayo, na neno moja lingetosha: si vyangu, ni vya Subilaga. Lakini mwanamke akishukiwa, ana kwao pa kurudi. Mtoto anayeshukiwa angerudi wapi? Mimi kwetu palikuwa pale pale. Alilipima lile jambo katika muda wa kukanyaga jani moja, kisha akanisifu kwa tabia njema, ili nisije nikajichukia kabla sijakua. Kwa hilo peke yake, mama yangu hakufanikiwa.

Mjukuu wangu amekwisha kuondoka. Bahasha bado iko mezani. Ameniuliza kama nina chombo cha kuoteshea, nimemwambia sina. Kile kimoja nilichokuja nacho kutoka Ikombe kiko chini ya kitanda changu, kizima, na sijawahi kutia udongo ndani yake.